Nikifika kilomita 16 nguvu zinakata kabisa, niongeze protini?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa anayejua haya mambo. Najiandaa na nusu marathoni, kila nikikimbia mbio ndefu nikifika kilomita 16 hivi miguu inakuwa mizito kama nimefungiwa mawe, kichwa kinazunguka, nabaki natembea tu. Natoka asubuhi bila kula maana niliambiwa tumbo tupu linachoma mafuta, nikirudi napiga protini ya unga na maji, msosi wa maana mpaka mchana. Nina kilo 60. Niongeze protini au mazoezi?

Jibu la kwanza
Mkuu protini sio shida yako, shida ni wanga. Mwili unatunza wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni, na ukikimbia kwa kasi, hiyo akiba inaanza kuisha kwenye dakika 90 huko, sasa wewe umelala usiku kucha ini limeshatumia ya kwake halafu unaingia barabarani hujala! Kula masaa mawili matatu kabla, wanga kama gramu 100 hivi, mafuta punguza maana yanakaa sana tumboni. Na njiani gramu 30 mpaka 60 kwa saa, anza mapema kidogokidogo, usisubiri mpaka ukate.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila tumbo nalo linafanyishwa mazoezi jamani. Mimi jeli ya kwanza (ile ya wanga ya kunyonya ukiwa unakimbia) nilitapika yote, nikaanza na nusu nusu mpaka likazoea, kwa hiyo siku ya mashindano usijaribu kitu kipya. Na maji pia, jipime uzito kabla na baada, kila kilo iliyopungua rudisha kama lita moja na nusu taratibu. Ukikuta uzito umeongezeka ujue umekunywa kupita kiasi, na hiyo ni hatari kweli, chumvi ya kwenye damu inashuka.

Muuliza swali
Asanteni sana, kumbe nilikuwa najitesa. Kwa hiyo protini niache?

Jibu la kwanza
Usiache mkuu, misuli inajijenga nayo, ila gramu 20 kwa mara moja zinakutosha, siku nzima ifike kama 85 mpaka 120 ukijumlisha na chakula. Ichanganye na wanga ukirudi tu, hasa kama jioni una mazoezi tena.

Muuliza swali
Nimekupata. Jumamosi nakimbia 18, nitaleta mrejesho.