Dunia ikisimama, kitoweo kitatoka wapi: bunduki, upinde, mtego au ndoana?

Kijana_wa_Manyoni

Wakuu, heshima kwenu. Hii hoja tumeibishania sana kijiweni na majibu hayakuniridhisha, naileta hapa penye vichwa vingi.

Tuchukulie mambo yamekwisha kabisa. Umeme hakuna, mafuta hakuna, maduka yamebaki rafu, pesa haina kazi, askari na mgambo kila mtu kaenda kwao. Wewe uko kijijini na familia ya watu sita, pori lipo umbali wa kutembea kwa mguu. Nyama utaipata kwa njia gani? Mimi naziona nne.

Bunduki, hata gobore, inaangusha mnyama bila kuhitaji ufundi wa miaka. Shida ni baruti na risasi, zikiisha zimeisha, tena mlio mmoja unawaita wenye njaa wote wa vijiji vya jirani.

Upinde uko kimya na mshale unaokotwa, unatumika tena. Ila kulenga swala anayetembea si jambo la kujifunza njaa ikiwa tayari mlangoni.

Mtego unafanya kazi wewe ukiwa shambani au umelala. Lakini hauchagui, na usipouwahi asubuhi fisi ameshakula.

Ndoana, nyavu na mgono kwa aliye karibu na maji.

Mimi naegemea upinde kwa swala na ngiri, halafu mitego pembeni. Waliokulia porini karibuni mnisahihishe.

MamaLishe_Moro

Mdogo wangu, kabla ya kuchagua silaha tupige hesabu ya sufuria.

Swala pala dume ana kilo 50 hadi 60 akiwa hai. Toa ngozi, utumbo, kichwa na mifupa, unabaki na nyama kama kilo 25. Nyama ya porini ni kavu, gramu 100 zinatoa kalori kama 115, kwa hiyo swala mzima ni kalori 28,000 na kidogo. Watu sita wakihitaji 2,000 kila mmoja kwa siku, na hiyo ni kwa kubana, mnakula 12,000. Swala wako kaisha siku ya tatu asubuhi. Gunia la mahindi la kilo 100 lina kalori 360,000 hivi, familia ileile inakaa nalo mwezi mzima.

La pili, ambalo wanaume wengi hawalijui: mwili hauwezi kuishi kwa nyama isiyo na mafuta. Protini ikizidi theluthi moja ya chakula chote, ini linashindwa kuichakata. Mtu anakula tumbo linajaa, lakini njaa haiishi. Anaharisha, anaishiwa nguvu. Wawindaji wa kaskazini mwa Canada waliobaki na sungura peke yake walikufa na nyama mdomoni. Kiangazi wanyama wetu wanakonda mno, kwa hiyo anza na uboho wa mifupa, ubongo, ulimi na mafuta ya kwenye figo. Wapeni watoto hivyo kwanza, paja lisubiri.

Kijana_wa_Manyoni

Dada MamaLishe asante, hiyo ya ini ni mpya kwangu. Lakini Serengeti peke yake ina nyumbu zaidi ya milioni moja. Watu wakijipanga vizuri, hawatoshi?

MamaLishe_Moro

Nyumbu wa Serengeti ni kama milioni 1.3. Mpe kila mmoja kilo 100 za nyama, na hapo nimekuwa mkarimu. Ni kilo milioni 130. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7. Ukiwachinja wote hadi ndama, kila mtu anaondoka na kilo mbili. Chakula cha siku moja, na nyumbu hakuna tena.

Jirani_wa_Yaeda

Naongezea kuhusu upinde, maana nimekulia Mang'ola na Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuokota, ni majirani zetu.

Hao ndio mabingwa, hakuna wa kubishana nao. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 walihesabu: mwindaji mmoja alipata mnyama mkubwa mara moja kwa wastani wa siku 29 za kuwinda. Huyo ni mtu aliyeshika upinde tangu miaka mitatu minne, anajua kila korongo. Mshale wenye sumu ukimwingia mnyama mkubwa hadondoki hapo hapo. Wanamwacha, wanakaa, halafu wanafuata damu na unyayo kwa masaa, wakati mwingine hadi kesho yake, na hapo lazima uwatangulie fisi na simba.

Ningependa muone wanavyotengeneza mshale mmoja tu. Anachukua kijiti, anakipasha motoni, anakiuma kwa meno palipopinda na kukinyoosha kikiwa bado moto. Anafumba jicho moja na kukitazama kwa urefu, anarudisha motoni, anauma tena. Manyoya ya kanga nyuma, yamefungwa kwa mshipa wa mnyama. Ncha ya mbele ni msumari uliopondwa kwa jiwe, au chuma cha kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga. Kijana wa mjini aliyenunua upinde wa michezo hana hata kimoja katika hivyo.

Na bado hawaishi kwa nyama. Wanaishi kwa mizizi wanayochimba kina mama, ubuyu, matunda ya porini na asali. Asali wanaonyeshwa na ndege mlembe, anawaita, wanamjibu kwa mluzi, anawatangulia mti kwa mti mpaka kwenye mzinga. Mwenye kujua mlembe anashiba kuliko mwenye kujua kulenga. Kiangazi kikikaza ndipo wanaotea kwenye maji usiku, na mnyama mkubwa hupatikana zaidi kipindi hicho.

Mkulima_Mumias

Habari zenu kutoka Kakamega. Naona mnaliangalia pori tu, nami naomba muangalie shamba.

Ukiwa na mahindi, viazi vitamu au miwa, mnyama anakuja mwenyewe. Hapa kwetu ndezi, yule panya mkubwa wa porini, anaingia kwenye miwa kila msimu. Ana kilo nne hadi sita, ana mafuta kidogo, anazaa mara mbili kwa mwaka watoto kama wanne kila uzao. Swala ukimuua leo utamsubiri mwenzake muda mrefu, ndezi anarudi. Tena anafugika: Ghana na Benin wanamfuga kwenye mabanda na kumuuza sokoni. Ongeza kanga, kwale na njiwa wanaoshuka kwenye mtama. Kila unayemnasa ni masuke uliyookoa, kwa hiyo umepata kitoweo na umelinda wanga palepale. Sijaona njia nyingine kati ya hizo nne inayofanya yote mawili.

Tanzi la waya mimi nalikataa hata dunia ikiisha. Mnyama anajikaza usiku kucha, waya unazama mpaka mfupani, na akikata anaenda kufa mbali bila kumfaa mtu. Tengeneza mtego wa jiwe au ubao unaoangukia, au kikapu kwa ndege. Vinaua mara moja au vinashika hai.

Na kwa sasa, kabla dunia haijasimama: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania bila leseni ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009. Wa kufanyia mazoezi ni panya wa ghalani.

OlMoran_Longido

Wote mnachukulia kwamba watu wamepigwa na wanyama wamebaki salama. Sisi Wamaasai tulishapita mwisho wa dunia na haikuwa hivyo.

Wazee wanaita Emutai. Kuanzia miaka ya 1880 ng'ombe waliugua mapafu, kisha miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka ikashuka kutoka pembe ya Afrika. Ng'ombe walilala chini boma zima. Nyuma yake ndui, nyuma yake ukame. Oscar Baumann, Mjerumani wa Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikadiria kuwa theluthi mbili ya Wamaasai walikufa, na aliandika juu ya kina mama waliobaki mifupa na wanaume wasioweza kusimama.

Sasa sikilizeni. Sotoka haikuchagua ng'ombe. Nyati, pofu, twiga na tandala walikufa nayo. Sisi nyama ya porini hatuli, ila pofu na nyati tunawahesabu kama jamaa wa ng'ombe, na hao ndio walioanguka kwanza. Waliopona wengi ni wale waliopokelewa na wakulima, Wakikuyu na Waarusha, au waliokwenda kuishi na Wandorobo wanaojua asali na wanyama wadogo. Ugonjwa wenyewe ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, lakini mwingine unaweza kuja. Kijana wa Manyoni, katika hesabu yako weka jirani mwenye shamba anayekufahamu kwa jina. Kwa babu zetu huyo alikuwa na thamani kuliko mkuki.

Mwana_Kivu

Bandugu, mie niko Goma. Hayo munauliza kama mfano, huku kwetu tuliyaona.

Hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya elfu ishirini miaka ya 1970. Vita ikaingia, kila mwenye bunduki akala kiboko, jeshi, waasi, wakimbizi, wote. Mwaka 2005 walibaki chini ya elfu moja. Kiboko ana nyama na mafuta, ni kweli, lakini angalieni kilichofuata: wavuvi wa Vitshumbi kwenye ziwa Edouard walianza kulia samaki wamepungua, kwa sababu mavi ya kiboko ndiyo yalirutubisha maji yale. Kwa hiyo nyama iliisha, na samaki akafuata.

Mwenye bunduki anakula mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili anakuja kuchukua mihogo yako.

Mtwara_Kuchele

Mwana_Kivu kasema kweli. Ng'ambo ya Ruvuma ni hivyo hivyo. Hifadhi ya Gorongosa ya Msumbiji kabla ya vita ilikuwa na nyati kama elfu 14. Vita iliisha 1992, na walipohesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta nyati 15.

Bi_Kagera

Mmetaja ndoana mkaipita haraka, na wadudu hamkuwataja kabisa. MamaLishe anatafuta mafuta, mafuta yako kwenye senene!

Sisi Bukoba mvua za Novemba zikishika, senene anashuka. Leo watu wanatega kwa taa kali na mabati, umeme ukikatika hayo hayapo. Lakini bibi zetu hawakuwa na umeme. Walitoka alfajiri, nyasi zimelowa umande na senene mabawa yamelowa hawezi kuruka, unamchuma kwa mkono unatia kwenye kikapu mpaka jua litoke. Nyumbani mnakaa chini mnang'oa mabawa na miguu. Unamtia kwenye chungu kikavu bila tone la mafuta, anaanza kutoa mafuta yake mwenyewe, anajikaanga humo humo mpaka anageuka rangi ya kahawia. Chumvi kidogo. Akikauka vizuri anakaa muda mrefu. Kumbikumbi naye ni vivyo hivyo, mwenge wa nyasi na shimo mbele ya kichuguu vinatosha.

Kwenye maji, achana na sangara mkubwa, tafuta dagaa usiku usio na mwezi. Na kiangazi mbuga zikikauka, kamongo amejifukia kwenye tope akisubiri mvua. Wanaojua kusoma ardhi wanaona kitundu chake cha kupumulia, wanachimba. Samaki huyo hakimbii.

Kijana_wa_Manyoni

Nimeelewa vizuri. Kwa hali ya huku kwetu naona ndezi na kanga pembeni ya shamba la mtama kwanza, kamongo na kambale mabwawa yakikauka, upinde ubaki wa bahati. Maswali mawili: mnyama mliyemkuta amekufa, mnakula? Na nyama ikizidi bila friji, mnafanyaje?

Afisa_Mifugo_Mstaafu

La kwanza: hapana. Mnyama uliyemkuta amekufa bila jeraha, tumbo limevimba haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, huenda hicho ni kimeta. Usimpasue, usimchune, usimburute. Vimelea vikipata hewa vinajifunga kwenye udongo na kukaa miaka mingi. Uganda viboko wengi walikufa kwa kimeta mwaka 2004 katika hifadhi ya Queen Elizabeth, na mtu akila mzoga kama huo bila dawa anaweza kufa. Popo na nyani pia waacheni, njia hiyo ndiyo inayotuletea Ebola na Marburg. Ngiri na nguruwe pori wapikwe mpaka ndani pasiwe na wekundu, kwa ajili ya minyoo. Mnyama asiyemwogopa mtu, anayetoa mate, usimshike hata kama amelala.

La pili: kata nyama vipande vyembamba kama kidole, virefu, kwa kufuata nyuzi zake. Paka chumvi, tundika juu ya uchanja, moto mdogo wa moshi chini mchana na usiku ili inzi wasitue. Iko tayari ukikipinda kipande kikavunjika. Mafuta yatenge uyayeyushe, yahifadhi kwenye chungu.

Chumvi ndiyo itakayowasumbua, na hakuna aliyeitaja. Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, lakini kutoka Manyoni ni mbali kwa miguu. Wewe uko jirani na Bahi. Wagogo walikuwa wakikwangua udongo wa chumvi mbugani kiangazi, wanauchuja kwa maji, wanachemsha mpaka yakauke. Nenda kawaulize wazee wangali hai, uone ni sehemu gani ya mbuga na ni mwezi gani.