Sangara wa sentimita 92 kafa nyavuni, umrudishe ziwani afanye nini?

Jamani wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na wa mjini, nauliza. Sheria hapa Uganda inataka mputa, yaani sangara, avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo mtoto, juu ya hapo mzazi. Juzi hapa Katosi, kando ya Ziwa Victoria, mzee mmoja kapandisha jike la 92, tumbo ngumu, limejaa mayai, jicho limeshafifia, amekufa tangu usiku. Sasa eti ni kosa kumuuza. Mi naona hicho kipimo cha juu hakina maana kabisa. Semeni.

*Mama Mukene:* Mwanangu, wewe unaangalia mzani tu. Dume anakomaa mapema, jike anachelewa mpaka awe mrefu zaidi ndo ataanza kutaga, na akiwa mkubwa anaachia mayai mamilioni, hayalindi, yanaelea tu majini, mengi yanaliwa, na vifaranga vikitokea sangara wenzao wanavila pia. Ngege, yaani sato, si hivyo, mama anaatamia mayai mdomoni mpaka watoto waogelee, kwa hiyo machache yanatosha. Sangara bila majike makubwa hakuna kitu.

*Kijana wa Masaka:* Na kwani sangara ni wa kwetu? Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kutoka Ziwa Albert, akatumalizia nkejje, wale samaki wadogo wa asili. Mi simlilii.

*Mama Mukene:* Humlilii lakini viwanda vya minofu vinakula kwake, na wachukuzi, na mimi ninayekaanga vichwa. Nkejje hazirudi kwa hasira zako.

*Fundi Nyavu:* Mnazunguka. Hawa wakubwa mnawatafuta wenyewe sababu ya bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, linauzwa mpaka China, bei yake inamshinda samaki mwenyewe. Mtu anashona nyavu za macho mapana makusudi, halafu mwaloni anashangaa kapata jike. Wa ndoano mara nyingine anatoka bado anapumua, huyo mwachie, ila wa nyavu ni maiti.

*Mwenye mada:* Mama, ya mayai nimekuelewa, nakubali. Ila hujanijibu, aliyekufa anataga?

*Mama Mukene:* Hatagi. Ndo maana nataka wapime macho ya nyavu kabla hujaingia ziwani, pande zote mbili, madogo na yale mapana ya bondo, na mazalia yafungwe wakati wa kutaga. Rula ya mwaloni inapima msiba.