Ulipowekwa kando na trafiki, ulijitoaje? Tupeane uzoefu

Naanza mimi. Jumapili iliyopita nilikuwa natoka Thika, watoto wawili nyuma. Kabla tu ya Roysambu afande akanipungia mkono. Leseni ninayo, bima haijaisha, mikanda tumefunga, nikajua leo sina kesi. Akazunguka nyuma ya gari, akarudi na tabasamu: "Madam, taa ya breki ya kushoto imekufa." Sijajibu, ameshafungua mlango wa abiria na kuketi, kofia juu ya goti. Hapo moyo ukaanza kunidunda. Trafiki akishaketi kando yako, safari si yako tena.

"Twende kituoni, gari ilale huko, kesho kotini. Ama tuongee?"

Nikamwambia aniandikie tu. Akatazama nje ya dirisha kitambo, kisha polepole: "Kwani hata chai hakuna?"

Binti yangu wa miaka sita akadakia: "Iko! Mama, mpe afande chai!" Na kweli, ameshaanza kufungua thamosi ya shosho, chai ya tangawizi, mvuke unapanda. Afande alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaniambia nitengeneze taa kabla ya kesho. Balbu niliipata kwa wauza vipuri wa Grogan kwa shilingi 100. Haya, leteni zenu.

Wa Jogoo Road
Una bahati una thamosi. Sisi wa matatu hatuulizwi taa. Makanga anakunja hamsini inakuwa ndogo kama punje ya mahindi, anaruka gari likiwa bado linatembea, anamsalimia afande kwa mkono, twende. Siku moja nikakataa kutoa. Nikaambiwa kidhibiti mwendo hakifanyi kazi, ilhali tangu sheria za matatu za waziri Michuki za 2004 kinatubana tusipite 80 na changu kilikuwa sawa kabisa. Abiria 14 wakarudishiwa nauli, mimi kituoni mpaka saa saba mchana. Hesabu ya tajiri haikufika. Kesho yake nilitoa, mnicheke mkitaka.

Mkaazi wa Uthiru
Mimi niliandikiwa kweli. Waiyaki Way, bango la 50, nilikuwa na 63. Nikamkumbusha afande kwamba kwa kanuni za 2016 za faini za papo hapo, ukipitisha kwa kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 3,000. Akaniuliza kama mimi ni wakili. Nikaacha dhamana ya 5,000 taslimu, asubuhi niko kotini Milimani. Benchi tangu saa mbili, jina likaitwa saa saba kasoro, na kesi yenyewe haikumaliza dakika mbili. Nikakiri, faini 3,000. Halafu ikaanza safari ya kudai dhamana yangu, hiyo sitaisimulia, nitapandwa na presha. Nilikuwa nawadharau sana wanaosema "tuongee." Siku hizi nanyamaza.

Baba Mapacha
Tusiwaweke wote kapu moja. Mombasa Road, Imara Daima, saa tano usiku, tairi ikapasuka na malori yanapita yakitikisa gari. Trafiki mmoja akaegesha nyuma yangu, taa zinawaka, akanimulikia tochi mpaka nati ya mwisho. Nikampa 500, akakataa. Lakini alinifokea kuliko mama yangu mzazi, kwa sababu nilipofungua buti alikuta gunia la viazi na hakukuwa na pembetatu hata moja ya kuweka barabarani. "Viazi vitamuonya dereva wa lori?" Nilinunua mbili wiki hiyo hiyo.

Wa Jogoo Road
Huyo umemtunga, Baba Mapacha. Nipe namba yake ya kifuani nimtafute nimsalimie.

Mkaazi wa Uthiru
Madam, ulituacha njiani. Chai alikunywa ama hakunywa?

Mwenye mada
Alikunywa. Akauliza pia kama kuna mkate.