Taa za chini ya maji kwenye boti za starehe: ziachwe ziwake boti ikiwa mwendoni?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Jambo hili limeshanikosanisha na watu wawili ninaowaheshimu, basi nalitua hapa tulichambue wengi.

Usiku mmoja wa giza la mwezi nilikuwa narudi na boti yangu, mwendo wa pole. Kwa mbele kushoto nikaona dimbwi la kijani limetanda majini, zuri kweli. Nikajua hapo pana watu wametia nanga wanajistarehesha, nikashika njia yangu. Dakika mbili baadaye nashtuka dimbwi limehama! Kumbe ni boti inatembea, inakuja kunikatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Taa yake ya ubavu wa kulia ilikuwa inawaka kama inavyotakiwa, lakini nayo ni ya kijani. Kijani ndani ya kijani utaitambuaje? Niliipata nilipokinga ule mwanga wa chini kwa kiganja. Nikakata mwendo, akapita mbele yangu muziki ukilia, wala sidhani kama aliniona.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinasema, katika kanuni ya 20, kwamba kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza usiwashe taa nyingine inayoweza kudhaniwa ni taa ya kuongozea, au inayoififisha, au inayomzuia mtu kuangaza vizuri. Ila kila mwenye boti anajipimia mwenyewe kama taa zake zinafifisha au la, na hakuna anayejipima akajikuta na kosa.

Hoja yangu ni fupi: ukitia nanga, washa utakavyo. Nanga ikipanda, zizime. Na iwe sheria inayotaja taa hizi kwa jina.

Mpenda Mwanga

Mkuu, pole kwa mshtuko, ila umemshitaki asiyehusika. Aliyekuja kutoka kushoto kwako alikuona wewe upande wake wa kulia, kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kukupisha. Hakupisha. Hilo ni kosa la nahodha, na angelifanya hata akiwa na kibatari. Mtu wa muziki mkubwa na macho kwa wageni wake huwezi kumtibu kwa kumnyang'anya taa.

Pili, kanuni umeisoma mwenyewe na inatosha. Rangi ya kijani au nyekundu ukiwa mwendoni, nakubali, ni ujinga. Ya buluu inayomweka nayo usiiguse, maana katika nchi nyingi hiyo ni ya polisi wa majini. Lakini nyeupe tulivu, au buluu isiyochezacheza, iliyofungwa chini ya tezi, yaani nyuma ya boti, inamdhuru nani? Anayenifuata nyuma ananiona mapema zaidi kuliko angeona kataa kangu ka tezi peke yake.

Mimi zangu zimenisaidia. Kamba ilinasa kwenye propela usiku, nikainama nikaiona ilivyojizungusha mizunguko mitatu, nikajua pa kukata. Bila taa ningepapasa gizani na kisu mkononi.

Mwanzisha mada

Kamba uliikata boti imesimama, mkuu. Hapo tuko pamoja.

Na hilo la kuonwa mapema ndilo linalonitisha. Taa ya tezi ina pembe yake, digrii 135, na za ubavu zina digrii 112.5 kila moja, ili mtu wa mbali akiona rangi ajue unaelekea wapi. Dimbwi la mwanga linaonekana sawasawa kutoka kila upande. Linaniambia upo, haliniambii unakwenda wapi.

Fundi Faiba

Mimi naona mnagombania swichi, na tundu hamjalitaja.

Boti nyingi ninazoletewa zina taa hizi, na mwenyewe huwa hajui zimefungwaje. Kuna za kubandika nje ya ubao wa tezi, zinazohitaji tundu dogo la waya tu na skrubu chache. Hizo sina ugomvi nazo. Halafu kuna za kupenya, tundu lake unaingiza kidole gumba. Chukua tundu la sentimita 2.5, sentimita 60 chini ya usawa wa maji. Taa ikichomoka, piga hesabu: maji yanaingia karibu lita 60 kwa dakika. Ndoo tatu kubwa kila dakika, usiku, huku wewe umelala na betri inamalizwa na pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayotuama chini ya boti.

Tena ubao wa tezi mara nyingi una mbao katikati ya faiba. Mwaka jana nilifungua taa moja, nikachokonoa kwa bisibisi ukingoni mwa tundu, ikazama mpaka mpini. Mbao ilikuwa imelowa kama mkate kwenye chai. Aliyetoboa hakupaka epoksi kuziba nyama ya ndani, alijaza gundi juu juu akaondoka. Na boti ya alumini ukiifungia taa yenye ganda la bronzi bila kitenganishi, maji ya chumvi yanafanya vyuma viwili kuwa betri, na inayoliwa ni alumini, yaani boti yenyewe.

Kwa hiyo mkitunga sheria, anzeni na nani anaruhusiwa kushika keekee. Swichi baadaye.

Mzamiaji wa Usiku

Nimesoma "ukitia nanga, washa utakavyo" nikacheka. Hapo ndipo mimi na mwanzisha mada tunaachana.

Wavuvi wanajua tangu enzi za karabai: mwanga unaita. Vijidudu vinakusanyika, dagaa wanavifuata, ngisi wanafuata dagaa. Kukaa tezini kuwatazama ni raha, sikatai. Ila boti kumi zikilala juu ya mwamba mmoja mpaka alfajiri, mnamnyima giza kiumbe anayeliishi. Matumbawe mengi hupanga kutaga kwa kufuata mwezi. Vifaranga vya kasa vikitoka mchangani hufuata upeo wenye mwanga, na vikishaingia majini bado huvutwa na taa.

Rangi nayo ina mambo yake. Nyekundu hufa ndani ya mita chache, buluu na kijani ndizo zinazokwenda mbali. Yaani zinazouzika sana ndizo zinazofika chini kabisa.

Mimi ningesema saa moja, kisha giza.

Mpenda Mwanga

Saa moja! Haya, nani atakuja kupiga kipenga?

Sauti ya Redio

Naongeza jambo moja, wakuu, ambalo halina siasa. Taa za LED, hasa zile zenye kidhibiti cha bei rahisi, zinaweza kuchafua redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya boti. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu hili: boti inakuwa haisikii inapoitwa, na mwenyewe anadhani kumetulia.

Mjipime. Zima taa zote za LED, weka redio kwenye chaneli isiyo na mazungumzo. Zungusha kitufe cha kuzuia mvumo mpaka usikie shhh, rudisha kidogo kidogo hadi inyamaze tu, usizidishe. Sasa washa taa za chini. Mvumo ukirudi, taa zako zinaiziba redio masikio.

Mwanzisha mada

Hii nilikuwa siijui. Mpenda Mwanga, zako umezipima?

Mpenda Mwanga

Nimetoka kujaribu sasa hivi. Za kushoto, kimya. Nikawasha za kulia, redio ikavuma shhh hiyo hiyo. Nimerudia mara nne, nikidhani ni kidole changu.

Za kulia nimeng'oa fyuzi mpaka nijue tatizo ni kidhibiti au waya. Fundi Faiba, nikikuletea boti utaniangalizia na lile tundu? Zangu ni za kupenya.

Hoja ya sheria bado siikubali.