Simsim: mafuta yana ukungu, mashudu bado yang'aa. Nirekebishe wapi?

Kinu cha Kisauni
Assalaam aleikum wenyewe. Mashine yangu ya kukamua mafuta ni ya skrubu, ndogo, ya umeme. Simsim nyeupe ya Kongowea, kilo 100 zatoa lita 30 tu. Mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa) yatoka manene, milimita 4 hivi, laini, ukiyabinya yang'aa. Mafuta yana ukungu, si maangavu, hata baada ya siku mbili, na wiki ya tatu yaanza kunuka mafuta ya kale. Dramu ni la plastiki lenye mfereji wa shaba. Nianzie wapi?

Fundi Skrubu
Waaleikum salaam. Anzia hesabu. Simsim ina mafuta asilimia 45 hadi 55, tushike 50. Lita moja ni kilo 0.92, kwa hivyo lita 30 ni kilo 27.6. Kilo 22 na ushei zimebaki kwenye mashudu, karibu theluthi yake! Mashine ndogo ikienda sawa huacha asilimia 10 hadi 15, na gunia hilo likupe lita 42 mpaka 45 ukishaondoa mashapo.

Mashudu laini ni unyevu. Mbegu yenye maji hugeuka uji ndani ya silinda, ukazunguka na skrubu badala ya kusukumwa mbele, na shinikizo halipandi. Usikimbilie kukaza koni, ile ya kubana mlango wa mashudu. Utaziba mashine na kuunguza mkanda. Kausha kwanza hadi unyevu wa asilimia 5 hadi 7.

Kisha pasha silinda: pitisha mashudu ya jana kwa dakika 15 koni ikiwa wazi, ndipo utie mbegu na kukaza robo mzunguko kwa robo mzunguko. Wasimama pale mashudu yanapotoka vipande vyembamba, milimita 1 hadi 1.5, vinavyovunjika kwa sauti. Ukiona moshi au mafuta kuwa meusi, umepitiliza, legeza.

Bi Mkubwa Majengo
Kupima unyevu si kazi. Tia mbegu na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata ubavuni, mbegu bado.

Mzani
Samahani bibi, hiyo ni ya mahindi ya kuweka ghalani. Chumvi hunata unyevu ukiwa juu ya asilimia 15 hivi. Simsim ya asilimia 9 itapita na bado itamsumbua. Saga mbegu, pima gramu 10 kwa mzani wa sonara, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 saa tatu, pima tena. Ikipungua gramu 0.6, unyevu ni asilimia 6.

Usikaushe kupita kiasi pia. Chini ya 4 mbegu huwa unga, na chengachenga hujaa kwenye mafuta. Kutoka 4 kwenda 6, kilo 100 zataka lita 2.1 za maji: nyunyiza, geuza, funika usiku kucha. Na gunia lisilale sakafuni. Hewa ya Mombasa hurudisha unyevu wote uliotoa.

Mtu wa Maabara
Niongee harufu. Simsim ina kinga yake ya asili, haiharibiki upesi hivyo. Wiki tatu ni dalili ya kitu, na wa kwanza kushukiwa ni huo mfereji: shaba huharakisha mafuta kuharibika hata kwa chembe ndogo. Weka wa chuma kisichoshika kutu, juu ya kitako cha dramu kwa sentimita 8 hivi usivute mashapo. Yaache yatuame siku tano, siyo mbili, kisha chuja kwa marikani mikunjo miwili. Tia kijiko kimoja kwenye sufuria kavu na upashe moto: yakitatarika, yana maji. Chupa ijae hadi shingoni, ikae gizani.

Asidi waweza kupima mwenyewe. Pasha mililita 50 za ethanoli, tia matone ya finolfthalini (dawa ya kubadili rangi) na sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo hadi iwe waridi hafifu. Ongeza gramu 5.64 za mafuta, kisha dondosha sodiamu haidroksaidi ya nguvu ya 0.1 N huku ukitikisa, hadi waridi ikae sekunde 30. Kila mililita moja ya hatua hii ya pili ni asilimia 0.5 ya asidi huru. Kiwango cha Codex (kanuni za kimataifa za vyakula) kwa mafuta yasiyosafishwa kiwandani ni thamani ya asidi 4, yaani asilimia 2 hivi: mililita nne. Ikizidi, lawama ni ya mbegu (zilizovunjika, zilizolowa), siyo ya mashine. Peroksidi, kipimo cha mafuta kuanza kuchacha, ipeleke maabara. Kikomo ni 15.

Kinu cha Kisauni
Nimewaelewa. Na nikizikaanga kwanza?

Fundi Skrubu
Yatakuwa mekundu zaidi, harufu kali, na hukaa zaidi. Ila ni bidhaa nyingine: dramu lake, kibandiko chake. Usiyatie kwenye meupe kuficha harufu ya kale. Mnunuzi wa Marikiti ataionja.