Roxy ya New York: jumba la sinema la viti karibu 6,000 lilivunjwa kwa nini?

KijanaWaSisimba
Wakuu habari za jioni. Hapa Mbeya baridi imekaza nimejifungia ndani nazurura tu mtandaoni, nikakutana na picha moja ya zamani, mama kavaa gauni la sherehe kanyoosha mikono juu kama anaimba, halafu nyuma yake kifusi kitupu, kuta zimenyofolewa, mwanga unaingia tu maana paa halipo. Maelezo yanasema ni Gloria Swanson, mwigizaji wa filamu wa zamani, Oktoba 1960, yuko kwenye magofu ya Roxy Theatre, New York. Nikachimba kidogo nikakuta jumba lilifunguliwa 1927 na lilikuwa na viti 5,920. Sasa jamani, viti 5,920 vya kuangalia sinema?? Mtu anajengaje kitu cha hivyo halafu hakifikishi hata miaka 40 kinavunjwa? Kiliungua au kilikuwa na nyufa? Na huyo mama alifuata nini pale?

FundiRedioKihesa
Kamwene mkuu. Hakikuungua na nyufa hakuna, jumba lilivunjwa likiwa zima. Shida ilianzia kwenye pesa tangu siku ya kwanza.

Mwenye wazo ni produza mmoja anaitwa Herbert Lubin, akamchukua Samuel Rothafel, huyo ndo aliyekuwa mfalme wa kuendesha majumba ya sinema enzi hizo na jina lake la utani ndo Roxy, kwa hiyo jumba likabeba jina lake. Tatizo jamaa hakuwa na breki. Kila kitu anataka kikubwa kuliko kilichowahi kuonekana, gharama zikapanda mpaka kwenye dola milioni 12 hivi za wakati ule, Lubin akakaribia kufilisika na ikabidi auze hisa zake kwa William Fox, tajiri mwenye kampuni ya filamu ya Fox, wiki moja hivi kabla ya ufunguzi. Yaani kapika mwenyewe wamekula wengine.

Lilifunguliwa tarehe 11 Machi 1927 na filamu ya kwanza kabisa ilikuwa ya Swanson mwenyewe, The Love of Sunya. Ndo maana baada ya miaka 33 jarida la Life likampeleka pale na mpigapicha Eliot Elisofon. Alikuja kuaga.

Sasa mimi kama fundi kinachonivutia ni chumba cha projekta. Kumbi nyingi zenye roshani projekta inakaa juu kabisa nyuma, mwanga unashuka kwa mteremko mkali, picha inapinda, chini inakuwa pana kuliko juu. Pale Roxy wakachimbia chumba cha projekta mbele ya roshani, mwanga unaenda karibu umenyooka kwenye pazia, picha inatoka safi. Kwa 1927 hiyo ni akili kubwa.

BintiWaNjombe
@FundiRedioKihesa umesahau jukwaa kaka. Kiwanja kilikuwa na umbo la ajabu, mbunifu wao Walter Ahlschlager akaulaza ukumbi kimshazari, jukwaa likaenda kukaa kwenye kona. Viti wakapata vya kumwaga lakini jukwaa likabaki halina nafasi pembeni ya kuficha mapambo wala wachezaji wanaosubiri zamu. Na pale hawakuwa wanaonyesha filamu tu, kulikuwa na okestra ya watu kama 110, wacheza ngoma, kinanda kikubwa cha mabomba kinachopigwa na watu watatu kwa pamoja, kila mmoja na meza yake. Mpaka chumba cha matibabu kilikuwemo ndani, na wale wahudumu wa kuonyesha watu viti walifundishwa kwata kama wanajeshi.

Mimi nimekulia kwenye mabanda ya video, benchi la mbao, gunia dirishani, jenereta likikohoa nje na mtafsiri anapiga kelele kuliko hata filamu yenyewe 😂 kwa hiyo nikisoma habari za Roxy naona kama wanaongelea ikulu.

Mafiati_Boy
Sawa lakini swali halijajibiwa, ni NANI alivunja na kwa nini.

FundiRedioKihesa
Tulia nakuja. Mdororo wa uchumi ulipopiga, 1932 jumba likawa chini ya mfilisi na Rothafel mwenyewe akaondoka mwaka huohuo kwenda kufungua Radio City Music Hall, mtaa wa jirani tu! Akafariki 1936. Roxy ikaendelea, ikafanya vizuri tu miaka ya vita, lakini baadaye televisheni ikaingia majumbani na watu wakahamia pembezoni mwa mji. Wakajaribu kila kitu, wakaweka hadi barafu jukwaani ya kuteleza, 1953 wakazindua pale The Robe, filamu ya kwanza ya CinemaScope, ile pazia pana ya kushindana na tivii. Ilisaidia kidogo tu.

Kilichomaliza mchezo ni kiwanja. Ni katikati ya Manhattan, hatua chache kutoka Times Square. Rockefeller Center, wenye yale maghorofa ya ofisi ya jirani, walilinunua 1956 na walichokitaka ni haki ya anga, kule kuna sheria inayobana jengo lako liende juu kiasi gani, kwa hiyo ukichukua nafasi ya juu ya jirani ambayo hajaitumia unapata kupandisha lako. Jirani pale wakasimamisha Time & Life Building, ghorofa 48, likakamilika 1959. Roxy likafungwa Machi 1960, likavunjwa, pakajengwa ofisi.

Mafiati_Boy
Kumbe hewa ya juu ya paa ilikuwa na thamani kuliko viti 5,920 vya ndani, hii dunia bwana. Na hawa hawa ndo wanatuambia sisi hatuthamini historia.

BintiWaNjombe
Nao walijifunza wameshachelewa. Sheria ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria imepita 1965, kilichowaamsha hasa ni kubomolewa stesheni ya treni ya Pennsylvania, hapo hapo New York, kuanzia 1963. Radio City ilipotaka kufungwa 1978 watu wakapiga kelele, ndani yake pakatangazwa urithi, mpaka leo ipo inafanya kazi.

Na huku kwetu siyo kila kitu kimevunjwa, nenda kaangalie Boma la Iringa, jengo la Mjerumani lile, tangu 2016 ni makumbusho. Ila kwenye sinema kweli tumepigwa, ile Drive-In ya Dar watu walikuwa wanaangalia filamu ndani ya magari yao, leo pale ni ubalozi wa Marekani.

KijanaWaSisimba
Ndaga fijo wakuu, nimeelewa. Kuna mwenye picha za ndani za Roxy kabla haijavunjwa, hasa hicho chumba cha projekta? Nataka nimwonyeshe mzee wangu, alikuwa fundi umeme, hataniamini.