Naomba ushauri: GPS inaruka-ruka Albert Dock, Liverpool

Habari zenu wadau wa jiokashi, mchezo wa kusaka kwa GPS vikasha vilivyofichwa na wachezaji wengine. Nasaka kikasha kidogo cha sumaku pale Albert Dock, gati la kale lililofunguliwa mwaka 1846. Maghala yake marefu ya matofali yamezunguka maji, hivyo GPS haitulii: mara inanipeleka kwenye nguzo za chuma, mara majini kabisa. Dokezo linasema “chuma” tu, na pale chuma ni kila mahali.

Nimesubiri namba za mahali kwenye kifaa zitulie, nikachukua wastani wake, nikapapasa nguzo za karibu. Sipendi kushikashika ovyo jengo la kihistoria kama lile.

Je, nifuate picha ya setilaiti badala ya kifaa? Na katika mazingira kama hayo, wafichaji hupendelea kubandika sumaku wapi?